Pini ya Tatu Husema, Pini ya Pili Husikia

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ulibeba fedha za aina tatu: nguo, shanga na waya. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, na Mwarabu aliyemshauri alimwambia kwamba frasila 10 za waya wa shaba ya manjano zingemtosha. Alinunua namba 5 na namba 6, zenye unene unaokaribia ule wa waya wa telegrafu, kwa kuwa ndizo zilizopendwa zaidi barani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya huo ulithaminiwa kama dhahabu. Wapagazi waliubeba kwa mzegazega, mizunguko imefungwa kwenye ncha za mti, mti umelala begani, siku baada ya siku hadi Kwihara, hukohuko Unyanyembe.

Kuchagua waya kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye shanga. Shanga nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, na kwingine kote hazikuwa na thamani. Shanga kubwa za sungomaji zilitakiwa Ujiji na Uguha, zikakataliwa kwingineko. Nyeupe zilipokewa Ufipa, zikadharauliwa Uzigua na Ukonongo. Machoni pa mgeni zote ni shanga: zina tundu katikati na zinatungwa kwa uzi uleule. Mwenye msafara alitakiwa kujua, kabla hajaiacha pwani, kila nchi atakayoipita inapokea shanga zipi, na atakaa humo kwa muda gani. Akikosea, aliweza kujikuta katikati ya Ugogo ana mizigo tele na hana cha kununulia maji na mtama.

Nimefanya kazi ya mitandao ya kompyuta Tabora, na sijapata mfano unaoieleza vizuri zaidi kazi ninayotaka kuisifu hapa: kuchagua na kutengeneza kebo za konsoli, zile kebo ambazo fundi huzitumia kuzungumza na rauta au swichi uso kwa uso. Wengi wanaotumia intaneti mchana kutwa hawajawahi kuiona kebo hii. Nyuma ya rauta, pembeni mwa matundu ya mtandao, kuna tundu moja la ziada. Data za wateja hazipiti humo. Ni mlango wa fundi. Herufi zinapita humo moja baada ya nyingine, biti kwa biti, katika waya mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Vifaa vingi vya Cisco huanza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi ina biti 8, pamoja na biti moja ya kuifungua na moja ya kuifunga, hivyo zinapita herufi 960 kila sekunde. Vifaa vingi vya MikroTik huzungumza kwa 115200. Hizo ni kasi ndogo sana mbele ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita mkoani hapa, lakini kwa kazi yake zinatosha na kubaki, maana hakuna jicho linalosoma herufi 960 kwa sekunde.

Mtandao unapokatika kabisa, nywila ikasahaulika, au programu ya rauta ikaharibika katikati ya kusasishwa, njia nyingine zote hufungwa na mlango huu hubaki wazi. Hapo ndipo kebo ya mkononi inapokuwa na thamani kuliko mashine iliyo kabatini. Tabora ni njiapanda ya reli, ya Dar es Salaam, ya Kigoma na ya Mwanza zinakutana hapa, lakini toka hapa hadi maduka ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kuagiza kebo ni kungoja basi. Wakati unaisubiri, tawi la benki linawarudisha wateja, dirisha la malipo la hospitali linarudi kwenye daftari, na wanafunzi wanaotakiwa kujisajili wanakaa nje ya ofisi wakitazama simu zao. Fundi mwenye koleo la kubania, plagi chache na mita ya umeme anaimaliza shida hiyo kabla chai haijapoa. Hata hivyo vifaa hivyo havimtoshi kama haijui siri ya shanga: plagi zinaweza kufanana umbo na kutofautiana lugha.

Siri yenyewe ni ya tangu mwaka 1960, wakati chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani, EIA, kilipotoa kanuni ya RS-232 ya kuunganisha mashine za kuchapa za mbali na modemu. Kanuni ile iliwagawa wazungumzaji katika pande mbili. Upande mmoja ni wa mashine ya mtumiaji, kama kompyuta. Upande wa pili ni wa kifaa cha kupitishia mawasiliano, kama modemu. Katika plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini ya 3 husema na ya 2 husikia, na ya 5 ni ardhi. Modemu imepangwa kinyume ili waya ulionyooka uzikutanishe: pale kompyuta inaposema, modemu inasikia. Mpaka hapo hakuna shida. Shida inaanza unapounganisha kompyuta na kifaa kingine chenye tabia ya kompyuta. Wote wawili wanasema kwenye waya mmoja, wote wawili wanategea sikio kwenye waya mwingine ambao hakuna anayesema kitu, na kioo kinabaki cheusi. Dawa yake ni kuzipishanisha nyaya ndani ya kebo, ya 2 iende 3 na ya 3 iende 2.

Halafu kuna plagi ya zamani ya pini 25, ambayo kwake kompyuta husema kwenye pini ya 2 na kusikia kwenye ya 3, na ardhi ni ya 7. Aliyekariri namba bila kujua maana yake hupotea hapo. Aliyejua kwamba anamtafuta msemaji, msikilizaji na ardhi hapotei, hata akipewa plagi asiyowahi kuiona.

Fundi mmoja mzee, mstaafu wa idara ya mawasiliano ya reli, ndiye aliyenifundisha namna ya kumtafuta msemaji bila kitabu. Nilimpelekea kifaa kisicho na maandishi yoyote. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza ni cha kampuni gani. Aliomba mita.

“Anza na ardhi, mwanangu,” aliniambia. “Tafuta pini iliyoshikana na bati la mashine. Hiyo ukiipata, zilizobaki zitajitaja zenyewe.”

Akaweka ncha nyeusi ya mita kwenye ardhi na ncha nyekundu akaipitisha pini kwa pini. Pini iliyokuwa karibu na sifuri aliiacha. Pini iliyosoma volti hasi, tano na ushee chini ya sifuri, aliizungushia alama kwa kalamu. Ndiyo inayosema. Katika RS-232, laini iliyotulia bila kutuma kitu hukaa hasi, kati ya volti 3 na 15 chini ya sifuri. Biti ya moja ni hasi na biti ya sifuri ni chanya. Msemaji, hata akinyamaza, anashikilia umeme wake. Msikilizaji hana chake, anangoja kuletewa. Kuna pini nyingine za ishara zinazoweza nazo kusoma hasi au chanya, kwa hiyo kipimo hiki kinataka utulivu na kurudia, lakini pamoja na ardhi iliyopatikana kwa uhakika hupunguza kubahatisha hadi kubakiwa na mambo mawili au matatu ya kujaribu. Nikamuuliza kuhusu rangi za nyaya.

“Rangi ni ya kiwanda,” alisema. “Wewe fuata pini.”

Ninaipenda kazi hii kwa sababu ya kipimo kile. Kifaa kisicho na kitabu wala mwenyewe kinalazimika kujieleza mbele ya mita ya bei ndogo.

Kuna kebo moja katika ufundi huu ambayo nikiiona bado nafurahi. Ni ile ya konsoli yenye plagi za plastiki za pini 8, zinazofanana na za kebo ya mtandao. Katika tundu la konsoli la Cisco, pini ya 3 husema na ya 6 husikia, za 4 na 5 ni ardhi, ya 2 hutangaza kwamba mashine iko tayari na ya 7 husikiliza kama mwenzake yuko tayari, ya 1 huomba ruhusa ya kutuma na ya 8 hupokea ruhusa. Ipange hiyo kwa mstari, kisha isome kutoka mwisho kuja mwanzo. Kila msemaji anakutana na msikilizaji wake, na ardhi inakutana na ardhi. Kwa hiyo kebo inayogeuza mpangilio wote, ya 1 kwenda 8, ya 2 kwenda 7, hadi mwisho, inapishanisha kila kitu sawasawa bila fundi kufikiri. Huhitaji kujua upande upi ni wa kompyuta na upi ni wa modemu. Na ukaguzi wake ni wa macho tu: shika plagi mbili ubavu kwa ubavu zikiangalia upande mmoja, na rangi zisomeke kinyume.

Mpango wa jamii hiyo uliandikwa na Dave Yost mwaka 1987, akiendeleza namna ya kufunga nyaya iliyokuwa ikitumika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wazo lake lilikuwa kila kifaa kivishwe kigeuzi chake mara moja, kigeuzi kikae hapohapo, na toka hapo kifaa chochote kiunganishwe na kingine kwa kebo ya aina moja tu. Sijui kama aliwahi kusikia habari za shanga za Ugogo, lakini alichokifanya ni kuzipatia nchi zote fedha moja. Vifaa vinavyokataa fedha hiyo bado vipo. Tundu la pini 9 la baadhi ya mashine za umeme wa akiba za Smart-UPS za APC linafanana kabisa na la kompyuta, ila mpangilio wake wa ndani ni wa kwake, na ukilichomekea kebo ya kawaida mashine inaweza kujizima na kuzima kila kilichotegemea umeme wake. Na tundu la konsoli la pini 8 linafanana na tundu la mtandao, ambalo pengine linapitisha umeme wa volti karibu 48 wa kuwasha kamera na redio. Mwenye haraka huchomeka popote panapoingia.

Sasa waya wenyewe. Stanley alichagua kwa namba. Sisi tunachagua kwa wembe. Kata kipande, kwangua ngozi ya juu ya uzi, tazama kwenye mwanga. Ukibaki wekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na kebo za namna hiyo zimejaa madukani. Alumini inakatika ikikunjwakunjwa, haishiki risasi vizuri wakati wa kulehemu, na inapinga umeme kuliko shaba. Kebo ya konsoli huishi ndani ya begi, inakunjwa asubuhi na kukunjuliwa jioni. Ipewe shaba, tena ya nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa, siyo ya uzi mmoja mnene wa kupitisha ukutani. Plagi nazo zina aina mbili: za kuuma nyuzi nyingi na za kuuma uzi mmoja. Ukizichanganya, kebo itafanya kazi siku ya kwanza mezani na kukataa siku ya mvua huko Sikonge.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii ni jozi. Ndani ya kebo ya mtandao nyaya 8 zimesokotwa mbili mbili, na katika mpangilio wa kawaida wa T568B pini ya 3 na ya 6 zimo katika jozi moja, ya kijani, na za 4 na 5 zimo katika jozi ya bluu. Ukiifanya kebo hiyo kuwa ya konsoli kwa mazoea, unamweka msemaji na msikilizaji wamekumbatiana urefu wote wa njia, na ardhi mbili ukazifunga pamoja pembeni ambako hazimsaidii mtu. Kwa kebo ya mita mbili na kasi ya 9600 hutaona tofauti yoyote. Kwa kebo inayotoka kabati la ghorofa ya chini hadi chumba cha juu, sauti ya mmoja inaanza kusikika kwenye waya wa mwenzake, na unasoma herufi za ajabu ajabu kwenye kioo. Fundi anayejali huigawa upya: msemaji asokotwe na ardhi moja, msikilizaji asokotwe na ardhi ya pili, halafu rangi azisahau. Kazi hii inachukua dakika chache zaidi, na anayeitazama kebo kwa nje hawezi kuiona. Nadhani fundi wa kweli hujulikana kwa kazi kama hizo.

Urefu nao una hesabu yake. Vitabu vya zamani vilisema futi 50, yaani mita 15. Kanuni za baadaye ziliacha kutaja urefu, zikataja uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, usizidi pikofaradi 2500. Kebo ya kawaida ya mtandao ina takriban pikofaradi 50 kwa mita, kwa hiyo hesabu ya haraka inakupa karibu mita 50, na kwa 9600 zinapitika. Lakini kuna mpaka mwingine ambao Tabora unaheshimiwa zaidi ya huo, nao ni radi. Mvua zinapoanza Novemba, miombo ikawa kijani, ardhi ya jengo moja na ya jengo la pili haziko sawa tena. Radi ikipiga karibu, tofauti hiyo hutafuta njia, na kebo ya konsoli iliyovutwa toka jengo hadi jengo inakuwa njia yake. Matundu ya pande zote mbili huungua kwa pamoja. Usivute kebo hii nje ya jengo. Kama ni lazima kuvuka uwanja, vuka kwa nyuzi za kioo ambazo hazipitishi umeme.

Volti zinadai tahadhari ya namna nyingine. Redio ndogo na rauta za bei rahisi mara nyingi hazina tundu la konsoli kwa nje, ila ukifungua boksi unakuta pini tatu au nne kwenye bodi. Hizo zinazungumza kwa volti 3.3, tena kinyume: laini iliyotulia ni chanya. Ukizigusisha na RS-232 ya volti 12 umeua bodi. Katikati panatakiwa chipu ya kugeuza, kama MAX3232 na ndugu zake, au kebo ya USB iliyotengenezwa kwa volti hizo. Kuhusu vigeuzi vya USB kwa ujumla nitasema machache. Kompyuta mpakato za leo hazina tundu la pini 9, kwa hiyo kila fundi anakibeba, na ndani yake huwa kuna chipu ya FTDI ya Uskoti, Prolific ya Taiwani au CH340 ya China. Bandia ni nyingi, na programu za watengenezaji zimekuwa zikizikataa. Nunua kilicho bora, kijaribu dukani kabla hujalipa. Unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kibanio cha karatasi, fungua programu ya konsoli, andika jina lako. Likirudi kiooni, kigeuzi ni kizima. Toa kibanio. Likiendelea kurudi, programu yenyewe ndiyo inayokurudishia, zima kipengele chake cha kurudisha herufi ujaribu tena.

Watu wa umri wangu wanakumbuka kebo nene zaidi ya hizi. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, ofisi za mikoani ziliishi kwa setilaiti na laini za kukodi, na rauta ilifungwa kwenye modemu kwa kebo ya V.35, yenye plagi ya pini 34 kubwa kama sanduku la kiberiti. Kebo zile zilikuwa na adabu moja ya kupendeza. Kwa namna baadhi ya pini zilivyofungwa na ardhi, kebo yenyewe iliiambia rauta: wewe leo ni mtumiaji, au wewe leo ni mpitishaji, toa mapigo ya saa mwenzako ayafuate. Fundi alichagua kebo na rauta ikatii. Zilikuwa ghali na nzito, na aliyeagiza ya upande usio wake alisubiri shehena nyingine.

Nikiitazama pini ya kusema ikitulia kwenye volti zake hasi, namwona pia karani wa telegrafu. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuvuta waya wa telegrafu hadi hapa kwa kufuata njia ya misafara toka pwani, waya uliowahi kubebwa begani sasa ukining'inia juu ya nguzo. Kanuni za RS-232 zimerithi mengi toka kwa karani yule. Mojawapo ni ishara ya kukatiza. Katika telegrafu, mpokeaji aliyetaka kumsimamisha mtumaji alikata mkondo wa laini, na mwenzake akajua. Konsoli bado inayo ishara hiyo: laini inashikwa chanya kwa muda mrefu kuliko herufi yoyote. Ukiituma kwa rauta nyingi za Cisco ndani ya sekunde 60 za kwanza tangu iwake, inasitisha kuwaka na kukupeleka chumba cha chini kabisa, ambako nywila iliyosahaulika inaweza kuondolewa bila kupoteza mpangilio uliobaki. Baadhi ya vigeuzi vya bei rahisi havijui kuituma ishara hiyo. Unagundua siku unapoihitaji.

Mji huu umewahi kujitengenezea vitu njia zilipofungwa. Mwaka 1916, bahari ikiwa mikononi mwa Waingereza na fedha haziji toka Ujerumani, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu: za shaba kwa matumizi madogo, na za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, rupia 15 kila moja, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji na kazi ikaisha. Zilipigwa kwa serikali ya kikoloni iliyokuwa inashindwa vita, na siisifu serikali hiyo. Ninachokitazama ni karakana: mashine za kutengenezea treni, mikono iliyozoea chuma, na sarafu ambazo leo wakusanyaji wa ulimwengu wanazigombania. Ujuzi ulikuwepo mahali palipohitaji kitu.

Kebo ya konsoli ni kitu kidogo kuliko sarafu ya dhahabu, lakini inataka ujuzi uwepo mahali hapohapo. Na inataka jina. Kebo mbili za rangi moja zilizo kwenye begi moja, moja imegeuzwa na nyingine imenyooka, ni mtego kwa fundi atakayekuja baada yako. Kila kebo niliyoitengeneza imefungwa kikaratasi chini ya mrija wa plastiki angavu unaosinyaa ukipashwa moto: imetoka wapi kwenda wapi, pini zipi zimepishana, kasi gani, mwaka gani. Kwenye daftari kuna mchoro wake. Daftari hilo linakaa kabatini pamoja na vifaa, siyo nyumbani kwangu, kwa sababu mtandao wa ofisi ni wa ofisi, na siku nikiwa safarini lazima mwingine aweze kuingia kwa mlango uleule.

Ombi langu ni kwa walimu wa VETA na wa Chuo cha Reli hapa Tabora, na kwa yeyote anayepokea vijana wa mafunzo ya vitendo popote njia hii inapopita, toka Dodoma hadi Kigoma. Tengeni siku moja. Mpeni kila kijana kipande cha kebo ya shaba, plagi mbili, mita, na kifaa kimoja kisicho na kitabu. Msimwambie pini ipi inasema. Mwacheni aitafute mwenyewe, aifunge kebo, aandike jina lake juu yake, kisha aondoke nayo.